Ukurasa Usio na Mlango

Ukurasa ulifunguka kabla Jaël hajachomeka flashi.

Alibaki ameishika kwa ncha za vidole, akikitazama kijistari cheusi kinachopepesa katika weupe mtupu wa kioo. Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu jana. Wala haikuwa na kitu tumboni, maana fundi Rolly alikuwa ameikomba ikabaki gamba; bila flashi ilipaswa kuwa giza. Kisha ikaja harufu: tope la ziwa Tshangalele maji yanapopungua, na samaki waliosahauliwa juani.

Mwenyewe ndiye aliyetaka mashine iwe tupu hivyo. Katika sekretaria yake, kijiofisi cha kuchapa maandishi karibu na soko la Likasi, Jaël aliandika wasifu wa marehemu, maneno yale yanayosomwa makaburini kabla jeneza halijashushwa. Familia zilimtafuta kwa sababu hakuwahi kukosea jina la mtoto wala mwaka wa ubatizo. Lakini msaidizi wake, Glodie, hakuchoka kufungua muziki na filamu katika mashine hiyo. Basi Jaël akamwagiza Rolly atengeneze flashi ambayo kompyuta ikiwashwa nayo itaamka na kitu kimoja tu: programu ya kuandikia.

“Na bouton ya kufinya kwa kutokea, mama?” Rolly alikuwa ameuliza.

“Ya nini? Minye nataka kuandika, hapana kutembea.”

Rolly akacheka. “Basi nakufunga mu prison. Ata clé ya flashi ikitoka, page inabakia mu mémoire ya mashine.”

“Voilà. Funga.”

Kosa lilitendeka katika kujaribu. Waandishi wa kazi hii hujaribu mashine kwa jina la marehemu wa mwisho waliyemwandikia. Ndiyo desturi, na hakuna aulizaye sababu. Jaël aliona ni utovu wa heshima kumchezea aliyekwisha pumzika. Akaandika jina lake mwenyewe: *Wasifu wa marehemu Jaël, mzaliwa wa Kakontwe.*

Sasa maneno hayo yalirudi kwenye ukurasa, na chini yake herufi zikajipanga bila mkono wa mtu: *Alasiri moja ya mvua, aliketi.*

Akaketi. Mvua ikaanza kulia juu ya mabati.

“Glodie,” aliita kwa sauti ndogo. “Kuya. Usikimbie.”

“Yaya,” Glodie aliitika, akimwita kama dada mkubwa, “nini inanuka hivi? Umenunua samaki ya kuoza?”

“Soma pale. Mais usisome kwa sauti.”

Glodie akasoma, na mzaha wote ukamtoka usoni. “Yaya, simama, twende.”

“Siwezi.”

Glodie akang'oa waya wa umeme ukutani, na kioo hakikufifia. Akampokonya flashi akaiponda kwa kisigino mpaka ikavunjika vipande, na kioo hakikufifia. Kisha akatoka mbio mvuani, bila viatu, kumwita Papa Urbain, katekista ambaye mtaa mzima humwendea mambo ya usiku yanapovamia nyumba zao mchana.

Urbain alikuja na rozari na chupa ya maji ya baraka, Glodie akiwa amemsimulia njiani habari ya mashine iliyofungwa. Alinyunyiza mara moja tu. Matone yalipogusa kioo yalitoa mvuke, na harufu ya tope ikajaa chumba mpaka wakaziba pua.

“Jina ya nani iko pale?” alinong'ona.

“Yangu, papa.”

“Mama! Uliandika jina ya muntu muzima fasi ya mufu?” Akarudi hatua moja nyuma. “Hii ni jini. Mbele, siku za zamani, ilikuwa na fasi mingi ya kutembea humu: muziki, filamu, vyote. Weye umefunga fasi yote, umeiachia page moja. Na mu page hii, muntu ni weye tu.”

“Nafuta, haifutike.”

“Haitafutika. Wasifu ikianzaka, inatafuta mwisho yayo.”

Mwisho huo Jaël aliujua, kwani ni ule ule aliokuwa amewaandikia mamia: *alipoitika mwito wa Bwana*. Na tayari kijistari kilikuwa kikisogea: *Ndipo alipoitika mwi—*

Akaitupa mikono yake juu ya vitufe. Vikamtii. Akaandika kwa pupa, bila nukta, yeye ambaye hakuwahi kuacha nukta, kwamba mwito ulipita mbali naye, na akapona, na akaishi miaka mingi kwa amani katika mji wake, akiheshimiwa na wote, akivuka kiangazi baada ya kiangazi, mpaka nywele zake zikawa nyeupe kama—

“Yaya! Mikono yako!”

Alitazama. Ngozi ilikuwa imekunjamana, mishipa imetuna, vifundo vimevimba. Shungi lililomwangukia begani lilikuwa jeupe.

“Hapana kuandika miaka, mama!” Urbain alipaza sauti. “Kidogo-kidogo!”

Kijistari kilipepesa, kikingoja. Jaël akaandika: *Jaël akavuta pumzi.* Akavuta pumzi. Kijistari kikasogea. Akaandika tena: *Jaël akavuta pumzi.*

Urbain aliendelea kusali mpaka sauti ikamkauka. Mvua ikakatika, soko likafungwa, na kope za mwanamke yule mzee zikaanza kuwa nzito. Alitaka kuandika *akalala*. Lakini nani angeandika *akaamka*?

Akamgeuzia Glodie macho.

Glodie alikuwa ameificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.