Bangili ya Bibi Taramati

Haya yalimpata Rohini, binti wa baba mkubwa, nyumbani kwetu mjini Kolhapur, India, na mashahidi wako hai. Asubuhi ile muuza bangili aliketi ukumbini akituvisha bangili za kijani za harusi, nasi tukila vitamu vya laddu na kutaniana.

"Legeza mkono, bi harusi! Unavaa bangili au unapigana ngumi?"

Kisha baba mkubwa, Vishwasrao, akaleta kisanduku. Ndani mlikuwa na bangili ya Bibi Taramati.

Kabla ya kuolewa, bibi aliigiza filamu ya mapenzi, moja ya zile za kimya. Babu akaona aibu. Alinunua nakala pekee iliyokuwepo, akaipeleka kwa fundi ikayeyushwa kuwa bangili, akamvisha kwa nguvu. Tangu hapo kila bi harusi wa nyumba hii aliivaa, na sauti ikamkauka. Mama yangu hakuwa ametamka neno tangu aolewe. Wanaume wetu waliita hiyo adabu.

Na Rohini alikuwa mtangazaji wa redio.

"Usivae," nilimnong'oneza.

"Dada, bangili moja tu. Baba atakasirika."

"Akasirike mpaka apasuke!"

Baba mkubwa akacheka. "Chuo kikuu kimemharibu huyu. Rohini, lete mkono."

Akamvisha. Ukumbi ukanuka kafuri, harufu ya mikanda ya filamu za kale. Rohini akafungua kinywa. Midomo ikacheza.

Kimya.

Hasira ilinipanda hadi nikaona giza. Niliichomoa ile bangili, ngozi ikamchubuka, nikaitupa kwenye taa ya miungu.

"Nuksi!" jamaa wakapiga yowe. "Bangili ya bi harusi haivuliwi!"

Ikalipuka. Moto mweupe. Na ukutani, mchana kweupe, akatokea bibi. Msichana. Kamwegemea mwanamume ambaye si babu. Akageuka. Akatutazama. Akasema kitu, bila sauti.

Mama ndiye aliyemsoma midomo. Sauti yake ilikwaruza kama mlango wenye kutu.

"Anasema, sasa zamu yao."

Rohini akalia, kwa sauti. Baba mkubwa akafoka. Hatukusikia kitu.

Mpaka leo hutoa amri kila asubuhi. Midomo inacheza. Sisi tunakunywa chai.

Ila kifundo cha mkono wa Rohini kimebaki na safu ya vitobo vya mraba, kama pembezoni mwa mkanda wa filamu. Havitoki damu. Ukimulika taa, mwanga hupenya, na ukutani kivuli cha mwanamke husogea.

Kila mara husogea upande aliko baba mkubwa.