Ombi la Mwisho la Mfungwa

"Kobe, pazia limefunguliwa. Ni leo."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha Motorola kilichofichwa sikioni, chini ya kilemba kichafu cha mfungwa. Kobe alikuwa amefungwa mnyororo shingoni, kwenye pete ya chuma, ukutani mwa ngome kongwe. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiigiza mfungwa aliyehukumiwa kufa mbele ya watoto wa shule.

"Nani?"

"Mpiga mzinga. Tumenasa simu yake. Baruti ya leo ina misumari. Anamtaka mwalimu."

Mwalimu wa historia. Mwaka jana alileta wanafunzi hapahapa, akaona bunduki za magendo zikishushwa ghalani. Kesho alikuwa apande kizimbani, shahidi wa pekee. Akifa leo, itaitwa ajali ya maigizo.

"Kikosi?"

"Dakika kumi."

Mchezo ulikuwa umebakiza tatu.

Kila siku mzinga ulimlenga Kobe, ukatoa moshi mtupu, naye akajiangusha. Watoto walikaa pembeni. Leo mpiga mzinga, kwa ulimi wa asali, aliwaambia wasogee wamshike mfungwa mnyororo. Arobaini wakamzunguka Kobe, mwalimu wao katikati.

Bastola ya Beretta ilikuwa kiunoni, chini ya matambara. Lakini risasi ingepita wapi, kama si vichwani mwa watoto?

"Kimbieni," Kobe alisema. "Mzinga una misumari. Sitanii."

Watoto wakapiga makofi.

"Kaka, punguza kidogo," mwalimu alinong'ona akicheka. "Wengine wataota vibaya."

Miaka ishirini ya ujasusi Kobe alikula kwa kudanganya, na siku ya kusema kweli hakuna wa kumwamini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

Jemadari, mwigizaji aliyetanguliwa na tumbo, akainua upanga wa bati.

"Mfungwa, ombi lako la mwisho? Kwa amri ya ngome, litatimizwa."

Kobe akauona mwanya. Ukweli ulichekwa. Mchezo ungetiiwa.

"Kila mtu alale kifudifudi. Na mwalimu pia. Atakayechelewa anachukua nafasi yangu."

Wakajitupa chini wote, wakisukumana, mbavu hawana.

Uwanja ukawa wazi.

Kobe alichomoa Beretta, akafyatua mara moja. Mpiga mzinga akaanguka, lakini moto ulikuwa umeshagusa baruti.

Mnyororo haukumruhusu Kobe kulala.

Moshi ulipotawanyika, ukuta ulikuwa na matundu. Bega lake pia. Watoto waliinuka mmoja mmoja, wazima wote, wakashangilia.

"Shahidi?" Mkuu aliuliza.

"Mzima."

"Basi rudi. Nimeambiwa sasa hivi, kesi imefutwa. Faili limepotea mahakamani."

Kobe alijisikia mzee, na alichoka mpaka rohoni. Wenye bunduki wangelala kwao leo, na kesho wangempata mpiga mzinga mwingine.

Jemadari alimfungua. Kobe akarudisha bastola kiunoni, akapangusa vumbi, akaelekea langoni bila haraka.

Msichana mmoja alimkimbilia.

"Mjomba, umeigiza vizuri sana," alisema. "Ila hiyo damu haifanani na damu."

"Nitajirekebisha," Kobe alisema, akatoka.