Mwanga Niliomnyima Siyad

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, chama chetu cha upigaji picha hushuka hadi ukingo wa mto Tana, hapa Garissa. Mimi, Ugbad, ndimi ninayetunza lenzi. Alhamisi hiyo nilibeba mkoba wa lenzi pamoja na kinyongo. Siyad alikuwa amenipiga picha nimelala darasani, mdomo wazi, akaionyesha darasa zima. Niliapa nitamlipa, tena mbele ya watu.

Jua lilikuwa limeshuka Siyad alipoona ngamia wakinywa maji ng'ambo.

"Wako mbali, Ugbad. Nipe kitu cha kuwavuta karibu."

Nikampa telekonveta, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi na kuvuta picha mara mbili. Mwalimu Yarrow alikuwa ametuonya kwamba kipande hicho kinakula mwanga. Lenzi ya f/4 inakuwa kama f/8, na kamera inabaki na robo tu ya mwanga. Jioni ile shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia kamerani, ingelazimika kukaa wazi muda mrefu, na mkono ukitikisika kidogo tu, picha imeharibika.

"Mwanga utatosha?" Siyad akauliza.

"Wallahi, utatosha." Nilijua nasema uongo, na uongo huo ulikuwa mtamu.

Kesho yake Siyad alikuja kwetu mbio. "Awowe Alio," alimwambia babu yangu, "jana nimeona kwenye kamera ngamia mweupe, ncha ya sikio imekatwa, kama yule wenu!"

Ngamia wetu wa maziwa alikuwa amepotea wiki tatu. Tangu siku hiyo mdogo wangu alikunywa chai ya rangi tu. Kabla ya kuagiza arudishwe, chifu wa eneo letu alitaka kwanza kuona alama ya ukoo wetu shingoni mwa ngamia.

Siyad akamwonyesha babu picha aliyopiga, ngamia wote ukungu mtupu. Babu akaitazama, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Hii ni bicha ama fumbi?"

Siyad akainamisha kichwa kwa aibu. Nilikuwa nimeshinda. Nilifurahi kidogo tu, kisha nikaona babu akiisogeza picha machoni tena, akitafuta alama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilijua mwanga hautoshi. Nikamdanganya, nikaapa, kwa sababu alinipiga picha nimelala darasani."

"Astaghfirullah," babu akasema. "Nendeni mkabige nyingine."

Jumamosi saa nne asubuhi Mwalimu Yarrow alitupeleka mtoni. Ngamia walikuwa bado ng'ambo. Mimi na Siyad tuliifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Telekonveta ilikuwa ileile, lakini jua lilikuwa kali, mwanga ukaliwa na bado ukabaki wa kutosha. Alama ya shingoni ilionekana wazi. Chifu hakubisha, na Jumatatu ngamia wetu alikuwa nyumbani.

Babu alimkama, akampa Siyad bakuli la kwanza.

"Na mimi, Awowe?"

"Wewe ngoja. Ulitaka kumnyima mwenzako mwanga, ukatunyima sisi wote. Mtu akikukosea, mwambie usoni, ama mwambie mwalimu. Usimdanganye, tena kwa jina la Mungu."

Siyad alifuta picha yangu ya darasani nikiona. Kisha akanywa polepole, makusudi kabisa, huku akinitazama. Nilingoja zamu yangu.