Isale Kwenye Njia ya Maporomoko

"Mtandao ulikatika, Tabea. Nikuapie kwa kitu gani ndipo uamini?"

"Usiape. Simama hapo hapo na isale lako, ueleze, baba mdogo asikie."

Prosper alikuwa katikati ya uwanja wa akina Tabea, tawi la isale mkononi, shati la kanisani mwilini siku ya Alhamisi. Nyuma yake baba yake mdogo, mzee Gadiel, amekalia kigoda, kofia magotini. Kwa Wameru, mtu akija na isale kuomba radhi, hakataliwi. Prosper alilijua hilo. Ndiyo maana hakuja na maua.

Wageni wanaokuja kuona maporomoko ya hapo kijijini wana njia mbili. Ya juu inapita kwenye kahawa na migomba ya mama Elieshi, mama yake Tabea, hadi ukingoni. Unayaona maji yote yakianguka, unarudi mkavu. Ya chini inashuka korongoni, mnatembea ndani ya mto mpaka maji yawamwagikie. Kila mgeni anataka ya chini. Tabea huwashusha, Prosper hubaki darajani juu akiutazama mto. Mvua ikipiga mlimani, maji hubadilika rangi. Hapo anapiga simu, Tabea anawapandisha watu haraka.

Jana simu haikulia. Maji yalikuja kama lori lililokatika breki. Tabea aliwasukuma wageni kwa mabega mpaka kwenye mizizi ya miti ya ukingoni, na leo goti lake lilikuwa limevimba kama papai.

"Kwa hiyo ulikuwa darajani," alisema.

"Nilikuwa darajani. Nikapiga, simu haitoki. Nikapiga tena."

Mama Elieshi alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Na miguu nayo ilikosa mtandao?"

Mzee Gadiel akakohoa. "Mama Tabea, kijana amekuja kwa unyenyekevu."

"Nimemwona, mzee. Nauliza miguu tu."

Tangu jana Tabea alikuwa akimwekea nafasi. Aseme mwenyewe. Jumapili tangazo lao la tatu la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani, na gauni liko kwa fundi limebaki mikono tu.

"Prosper, kuna neno unataka kuongeza kabla sijapokea isale?"

"Hakuna. Mungu ni shahidi."

Tabea akatoa simu kwenye sweta. Ujumbe ulitoka kwa Namnyaki, rafiki yake mwenye jiko la nyama choma Kisongo. Akausoma taratibu.

"Shem yuko hapa kwangu na mdada wa miwani. Ameagiza mbavu, anamlisha kwa mkono. Nimemsalimia, kajifanya hanijui."

Akamtazama Prosper. "Aliutuma jana, wewe ukiwa darajani, mimi nikiwa mtoni."

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo. Mzee Gadiel akavaa kofia yake.

"Prosper, umenibeba na uzee wangu nije nisindikize uongo?"

"Baba mdogo, nilikosea. Anna si kitu kwangu. Tabea, mbingu ilikuwa safi, nikajua mvua hakuna. Nilitoka mara moja tu."

"Anna ningemlilia, nikachoka, nikanyamaza," alisema Tabea. "Lakini ulijua niko chini. Kazi yako ilikuwa kutazama. Kutazama tu, Prosper. Ukaenda kulisha watu mbavu."

Prosper akalisogeza lile tawi mbele. "Isale halikataliwi."

"Nani amelikataa?"

Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mbele ya mama na baba mdogo. Sitakusema kwa watu, wala sitakuwekea kinyongo."

Prosper akashusha pumzi. "Asante, mke wangu."

"Ngoja." Tabea akapiga simu, akaweka sauti ya nje. "Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba, Tabea. Goti vipi?"

"Litapona. Naomba tangazo letu la Jumapili lisisomwe. Hakuna ndoa."

"Mwenzako anajua?"

"Yuko hapa, anasikia."

"Basi nimeelewa, binti yangu."

Simu ikakatwa.

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Sijasema nitaolewa na wewe."

Akachukua jembe, akachechemea hadi njia panda ya kahawani. Isale hilohilo la radhi ndilo Wameru wanalopanda mpakani, na la mpakani halivukwi. Akachimba katikati ya njia ya chini. Mama yake akaja nyuma yake bila kuitwa, akalishika tawi liwe wima, Tabea akashindilia udongo kwa mguu mzima.

Wakatokea wageni wawili kutoka mjini, viatu vyeupe, simu mkononi.

"Dada, tumeambiwa unaweza kutushusha mpaka chini ya maji."

"Ilikuwa zamani," alisema Tabea, akijifuta udongo kwenye kitenge. "Siku hizi tunaangalia kutoka juu. Nifuateni."