Betri Isiyokaa Mahali Pake

Mshonaji aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Alipasha maji moto, akamkanda miguu iliyovimba, kisha akamvalisha shati. Mumewe alikuwa kinyozi, tena kinyozi hodari. Siku hizi mikono yake haikuwa na nguvu hata ya kushika kitana. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki ilibidi afike hospitali, mashine imsafishe damu.

Walikuwa na gari dogo la zamani. Kinyozi ndiye aliyelitunza alipokuwa mzima. Sasa mkewe ndiye aliyeliendesha, na mambo ya chini ya boneti yalikuwa giza kwake.

Siku hiyo ilikuwa ya hospitali. Mshonaji alizungusha ufunguo. Gari likalia, "Tk, tk, tk," likanyamaza.

"Betri hiyo," kinyozi alisema kwa shida. "Imechoka kama mimi."

"Usiseme hivyo, baba watoto."

Mshonaji alimwacha barazani, akakimbilia duka la vipuri. Muuzaji aliitazama betri moja tu.

"Chukua hii kubwa, mama. Betri kubwa, nguvu nyingi!"

"Lakini itaingia kwenye gari langu dogo?"

"Kila kitu kinaingia, mama. Ni kusukuma tu."

Muuzaji alikuja kuifunga. Betri ilikuwa ndefu kwenda juu, na kichwa chake cha chanya, pale waya mwekundu unapofungwa, kilikuwa upande usiofaa. Akavuta waya mpaka ukakaza. Kibanio cha chuma hakikutosha, kwa hiyo aliifunga betri kwa kipande cha mpira. Gari likawaka. Mshonaji akashukuru, wakaondoka.

Hawakufika mbali. Gari liliruka tuta, betri ikalala upande, na kichwa cha chanya kikagusa chuma cha boneti. Cheche zikaruka. Moshi ukajaa mbele ya kioo. Mshonaji alimvuta mumewe nje. Wakakaa kando ya barabara, mvua ikiwanyeshea. Magari yakapita.

Walipopata usafiri na kufika hospitali, zamu ya kinyozi ilikuwa imepita, na mashine zote zilikuwa na watu. Waliambiwa warudi kesho. Kabla jua halijazama, kinyozi alianza kubanwa na pumzi. Akalazwa haraka. Aliokoka, lakini alitoka hospitali akiwa dhaifu kuliko alivyoingia.

"Nilitaka kukuwahisha," mshonaji alimwambia, "nusura nikuue."

Kinyozi alimshika mkono. "Hukujua. Nilipaswa kukufundisha nilipokuwa na nguvu. Sasa mwite jirani."

Jirani yao alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Mama Cheche. Alipofungua boneti ya gari, lililokuwa limevutwa hadi nyumbani, hakucheka.

"Dada yangu, Mungu amewalinda," alisema. "Betri ni kama kiatu. Kikubwa hakikufanyi ukimbie."

"Nitajuaje inayofaa?"

"Sogea, utazame mwenyewe. Hapa betri inapokaa panaitwa kitako. Pima urefu, upana na kimo. Betri ikae bila kucheza, na boneti ifunge bila kuigusa."

Mshonaji alitoa utepe wake wa kupimia nguo shingoni, akapima. Kazi hiyo aliijua.

"Haya. Waya huu mwekundu ni wa chanya. Umefika wapi?"

"Kushoto."

"Basi kichwa cha chanya kiwe kushoto. Alama yake ni ya kujumlisha. Waya usivutwe. Tazama na unene: magari mengi madogo yana vichwa vyembamba. Waya ukilegea, gari haliwaki."

"Na nguvu?"

"Kitabu cha gari kinasema. Kuna namba ya umeme ambao betri inauhifadhi, na namba ya nguvu ya kuwashia injini. Zisiwe pungufu ya zilizoandikwa humo. Usinakili tu betri ya zamani. Huenda aliyeifunga naye alikosea."

"Kumbe!"

"Halafu uliza imetengenezwa lini. Betri iliyokaa dukani muda mrefu huanza kufa kabla hujainunua."

Walikwenda wote wawili dukani. Safari hii mshonaji ndiye aliyeuliza maswali. Alikataa betri mbili. Ya tatu ilikuwa ndogo, lakini kila kipimo kilikubali. Ile kubwa na ile ya zamani waliziacha dukani zipelekwe kiwandani, kwa sababu ndani ya betri mna asidi na madini ya risasi. Hazitupwi jalalani.

Mama Cheche alibadilisha waya ulioungua, kisha akasema, "Kufungua betri, anza na waya wa hasi, huu mweusi. Kufunga, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Hivyo cheche hazipati nafasi." Mshonaji alikaza kibanio kwa mkono wake. Injini ilipowaka, fundi alipima kwa mita.

"Volti kumi na nne. Injini inaichaji betri vizuri. Ingekuwa haichaji, hata betri mpya ingekufa, na wewe ungeilaumu bure."

Kinyozi alikuwa akiwatazama kutoka barazani. "Shemeji," alimwambia Mama Cheche, "huyo atakunyang'anya wateja."

"Na aje tu!" fundi alijibu. Wote watatu walicheka kidogo. Kisha kinyozi akaanza kukohoa, kicheko kikaisha.

Siku ya matibabu ilipofika, gari liliwaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Walifika mapema. Muuguzi alimpima kinyozi uzito, akamlaza, mashine ikaanza kunguruma. Hakupona siku hiyo; ugonjwa wake haukuwa wa kupona. Lakini alisafishwa damu kwa wakati, na pumzi zake zikatulia.

Mshonaji alitoka nje, akafungua boneti. Aliitikisa betri kwa mikono miwili. Haikusogea. Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moshi, akalia.

Alipomaliza, alijifuta uso na kurudi ndani kumsubiri mumewe.