Sinema Iliyonifanya Nishukuru

Jamani, mmewahi kujiona mkisema uongo ambao hamkuusema?

Mimi nimejiona. Kijijini kwetu Mweso, mwaka 1956. Kwenye shuka jeupe mdomo wangu unafunguka... na sauti inayotoka ni ya mume wangu!

Ngojeni nianze mwanzo. Mimi ni Pétronille, bibi wa miaka tisini. Mjukuu ndiye ananiandikia.

Leta, yaani serikali ya wazungu, ilitaka shamba la maharage aliloniachia mama, ipande pareto. Barazani kwa mwami, chifu wetu, mwanamke haongei, mumewe ndiye humsemea. Na wangu, mwalimu Théophile, alikuwa kimya kama maji mtungini.

Basi alipokuja mzungu wa sinema kupiga picha za wakulima, nikasema Mungu kanikumbuka. Nikasimama mbele ya mashine yake.

"Hii shamba iko ya mama yangu. Sitoe. Mupeleke hii maneno Bulaya."

Mzungu akatabasamu, mashine ikanguruma. Nani angeniambia kuwa haichukui sauti?

Miezi mitatu baadaye wakaileta filamu. Jumapili baada ya misa, hangari, lile banda kubwa, limejaa, madirisha yamefunikwa mablanketi. Nimekaa na mama mdogo Emérita, ambaye hasikii tangu kuzaliwa.

Mbele, kwenye mikro ya kupazia sauti, nani? Théophile!

Picha yangu ikatokea. Akanisemea.

"Huyu mama anasema: aksanti Leta, shamba nimetoa na roho safi."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikapaza sauti kwamba sikusema hivyo. Mtu nyuma yangu akanikemea.

"Nyamaza, mama. Tuko tunaangalia sinema."

Nyumbani nilimuuliza mume wangu kwa nini. Hata hakuona haya.

"Walinipa karatasi, nikasoma. Ku baraza njo mimi nakusemeaka. Iko tofauti gani?"

Pareto ikapandwa. Yeye akapewa baiskeli, akazunguka na filamu ile Burungu, Kingi... kila kijiji mimi nashukuru tu. Nilimchukia, siwafichi.

Ila kuna jambo sijawaambia. Siku ile hangarini, watu wakipiga makofi, Emérita alikuwa analia. Maisha yake yote alizoea kusoma midomo yetu. Akagusa titi lake, akaonyesha ardhi, akatikisa kichwa. Ya mama. Shamba. Sitoe.

Hangari zima lenye masikio, na aliyenisikia ni kiziwi!

Mabinti zangu, mkiiona kamera msikimbilie kuongea. Ulizeni kwanza mikro atashika nani.