Kulabu Tupu

Watu wa Gando wakiyasimulia haya husema yalimkuta Jaribu peke yake, maskini, mtoto wa watu. Waongo. Yalitukuta wawili, na wa pili ni mie ninayekusimulieni, Kificho, fundi wa gereji ya Mzee Mjaka pale Wete. Basi nisikilizeni mie, wao muwaache na porojo zao.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kawaida tu. Nilikunywa chai na mkate wa kumimina, nikafungua gereji, nikaanza kuziba tairi la jirani. Saa nne gari likaingia kutoka bandarini Mkoani. Lahaula! Gari la kuvuta, tani nne na nusu, la manjano, winchi mgongoni, waya mpya haujapata hata kutu, na kulabu nene kama mkono wa mpagazi. Miaka kumi na moja tulikuwa tukivuta magari yaliyokwama kwa pikapu bovu na mnyororo, na miaka yote hiyo nyuma ya usukani nilikaa mie. Gari likikwama popote, wenye magari walisema, mwite Kificho.

Lakini gari lile halikutaka leseni yangu ndogo. Lilitaka leseni ya magari makubwa. Mzee Mjaka akatupeleka wawili kujifunza, mie na Jaribu, akasema atakayefaulu ndiye dereva wake. Jaribu! Mie ndiye niliyemtoa kwenye kuchuma karafuu nikamleta gereji. Mie ndiye niliyemwonesha spana na gia. Siku ya mtihani niligonga kigingi nikirudi rivasi, mara mbili. Yeye akarudi moja kwa moja, hata jasho hana. Nilimpa mkono wa pongezi, na moyoni niliomba mkono ule umkatike.

Na huyu Jaribu ni nani kwangu? Ni ndugu yangu wa ziwa. Nilipozaliwa mama yangu aliugua, maziwa yakakauka. Bi Mwanakhamis wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimnyonyesha Jaribu, akanichukua akaninyonyesha miezi mitano. Kwa dini yetu yule ni mama yangu, na mwanawe ni ndugu yangu, mjadala hakuna. Bi Mwanakhamis mwenyewe hakuwahi kunitenga. Akipika huweka sahani mbili, na watu huwaambia, "Wanangu wa kiume ni wawili."

Jioni ile ya mtihani mke wangu Saada akasema, "Jaribu kapendeza kwenye lile gari, mashallah." Sikula. Watu husema hasidi hana sababu. Mie nilikuwa nayo, tena ya manjano, ya tani nne na nusu.

Siku ya tatu nikapanda pikipiki hadi Shumba, kwa Bi Mgeni, mganga. Msifikiri nilikuta mapembe na mafuvu. Nilimkuta mtu mzima kakaa uwani mwake asubuhi, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa." Akasikiliza mpaka mwisho, kisu hakisimami. "Unataka afe?"

"Hapana, Bi! Nataka gari limshinde tu, akiache kiti."

"Jina lake na la mamake."

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Pemba ndogo, maneno yana miguu, nikaogopa kumtaja Jaribu. Nikasema, "Jina lake naona tabu kulitaja, Bi. Mamake ni Mwanakhamis. Ni mtoto wake wa kiume, kazi yake magari."

Kisu kikasimama. "Bila jina nitafunga kwa mama. Ana watoto wa kiume wangapi huyo Mwanakhamis?"

"Mmoja tu."

"Una hakika?"

"Mmoja tu, Bi." Lilinitoka jepesi kabisa. Siku zile Jaribu sikumhesabu ndugu, na maziwa ya mamake sikuyakumbuka hata kidogo.

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kamba ya usumba, urefu wa shibiri, kina mafundo saba. Akaniambia nikifunge kwenye kulabu ya gari. "Nimemfungia kitu nyuma yake," akasema. "Atakivuta mpaka achoke."

"Kitu gani, Bi?"

"Usikiulize." Akarudi kwenye muhogo wake.

Siku ya pili, adhuhuri, wenzangu walipokwenda msikitini, niliifunga ile kamba kwenye mpindo wa kulabu nikaipaka grisi isionekane. Kisha nikatawadha kwa mikono ileile, nikawahi rakaa ya mwisho.

Alasiri tukapigiwa simu. Lori la magunia limezama matopeni njia ya Pujini. Jaribu akaendesha, mie nikakaa pembeni yake kama mzigo. Lori likatoka kirahisi, mwenyewe akatushukuru akaenda zake. Nilikunja waya mwenyewe. Nilisikia kulabu ikigonga mahali pake.

Tukaanza kurudi, jua bado kali. Penye mwinuko wa kwanza Jaribu akapunguza gia. Akapunguza tena.

"Kificho," akasema taratibu, "lile lori tumelifungua?"

"Tumelifungua. Si umeliona limeondoka?"

"Mbona gari zito?"

Nikatazama kioo cha upande wangu. Waya ulikuwa nje. Umekaza. Umenyooka juu ya barabara, urefu wa magari mawili, na mwisho wake kulabu tupu inaning'inia hewani. Haikugusa lami. Haikuyumba.

Jaribu naye aliona. Akakanyaga breki. Waya ukalegea.

Kisha kitu kikatugonga nyuma. Polepole tu. Kama gari linalovutwa linavyogonga la mbele lisipofunga breki.

Hatukushuka. Tulikwenda hivyo mpaka Wete, kila akikanyaga breki, tunagongwa. Gerejini tukazunguka nyuma pamoja. Waya ulikuwa umekunjwa, kulabu iko mahali pake. Jaribu akanishika mkono, akaniomba nisimwambie mtu, watu wasije wakasema gari lina shetani na Mzee Mjaka akapata hasara. Nikamwambia siri yake ni yangu. Nilikuwa naogopa, sikatai, lakini nilifurahi pia.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mwanzo ilikuwa garini tu. Kisha ikawa hata akitembea. Jaribu aliinama mbele kama mtu anayepanda kilima, hali yuko uwanjani, ardhi sawa. Mabega yakamshuka, mashavu yakamkauka. Bi Mwanakhamis akampeleka hospitali, damu haina kitu. Akamwandikishia kombe la aya za Kurani, akanywa, asubuhi akaamka vilevile. Siku moja nilikwenda kumtazama, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Ndugu yangu, nyuma yangu pana kitu. Nikilala kinasimama. Nikigeuka nacho hugeuka."

Mnadhani nilitubu? Nilimuuliza funguo za gari ziko wapi.

Alizitoa chini ya mto. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma. "Nimemwambia Mzee Mjaka gari akupe weye. Weye ndiye uliyenifundisha. Kafanye tena mtihani, ukirudi rivasi usitazame vigingi, tazama tairi la nyuma." Mgonjwa yule, pumzi hana, ananifundisha kumpita yeye. Nilizidi kumchukia kwa wema wake.

Nikaenda kutahiniwa. Sikilizeni vizuri hapa. Gari la mtihani halikuwa lile la manjano, lilikuwa lori la kufundishia, na kamba yangu haikuwamo. Mkaguzi alikaa pembeni yangu na fomu yake. Niliingiza rivasi.

"Simama," akasema. "Shusha kwanza hilo unalolivuta. Mtihani ni wa gari peke yake."

"Sivuti kitu, afande."

Akatazama kioo chake. Akashuka. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, vinakwenda nyuma. Vikapita mwisho wa lori. Vikaendelea. Nilihesabu hatua ishirini na tatu, vikazunguka, vikarudi upande wangu. Hakupanda tena. Aliitia saini fomu ile akiwa amesimama chini.

"Umefaulu," akanong'ona. "Nenda. Na hilo nenda nalo."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Shumba mbio, na pikipiki ikinguruma kama imepakia ng'ombe.

"Bi, kimenishika mie!"

Bi Mgeni alinitazama. "Nani mwengine kanyonya kwa Mwanakhamis?"

Nikajigusa kifua.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Ukasema mmoja. Mie nimefunga kwa mama, na maziwa yake hayachagui." Akanikaribia. "Mwenye maziwa ndiye mwenye kufungua. Chukua kamba, mpelekee, umwambie kwa kinywa chako ulichofanya. Akikupa radhi, atafungua mafundo yote saba kwa mkono wake na nyote mtapona. Nenda leo. Mwenzako keshachoka."

Nilirudi Wete na nia safi, Wallahi. Nilikwenda gerejini kuchukua kamba. Nikapeleka mkono kwenye kulabu, na kabla sijagusa, Mzee Mjaka akatokea.

"Hongera, dereva! Nimepata habari. Haya twende kazi, lori limekwama Pujini." Akanirushia funguo.

Nikazidaka. Nikafikiri, nikimwambia Bi Mwanakhamis leo, kesho Pemba nzima inajua, na kiti hiki sitakikalia maisha. Safari moja tu. Nikikalie mara moja tu, nirudi, niende nikaseme. Jaribu amesubiri wiki tatu, atashindwa kusubiri saa mbili?

Basi nikaendesha. Watu walinipungia mikono njia nzima, na mie nikapiga honi. Lile lililokuwa nyuma yangu nililisikia, zito, lakini nilikuwa na usukani mkononi, nikasema litanyamaza. Lori nikalitoa. Nikageuza. Penye ule mwinuko wa kwanza, gari likashuka nguvu ghafla. Uzito ukazidi. Ukawa mara mbili.

Nikatazama kioo. Waya umekaza. Kulabu tupu.

Nikakanyaga breki. Nikagongwa. Kimya kidogo. Nikagongwa tena.

Simu ikalia. Alikuwa Saada, analia. "Kificho, rudi. Jaribu katutoka, sasa hivi."

Tulimzika kabla ya magharibi. Nilibeba jeneza upande wa nyuma, na wenzangu wakanong'onezana kwamba hata kwa mtu aliyekonda vile mbona jeneza jepesi kiasi hicho, kama halina mtu. Nilijua kwa nini. Alikuwa ameshautua mzigo wake.

Baada ya khitma ya siku ya tatu Bi Mwanakhamis aliniita chumbani. Alifungua fundo la kanga, akanitolea kipande cha kamba ya usumba, kimejaa grisi.

"Waliomuosha wameikuta kwenye kifundo cha mguu wa ndugu yako," akasema. "Haikuwepo, nilikuwa nikimkanda miguu kila siku. Ilikuwa na mafundo saba. Sita nimeyafungua. La saba linakataa." Akaniwekea kiganjani. "Weye fundi, mwanangu. Hiki ni kitu gani?"

Nafasi ile Mungu aliniwekea mkononi. Ningesema maneno matano tu.

"Sijui, mama," nikasema.

Akanipapasa kichwa. "Haya. Usilie. Sasa mtoto wa kiume ninaye mmoja tu."

Mwezi wa nne huu naendesha lile gari. Kamba iko mfukoni, fundo lake moja halifunguki kwa kisu wala kwa koleo. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia, na kila asubuhi simu inalia, pana gari limekwama. Mgongo wangu nao umeanza kuinama. Saada keshaniuliza mbona natembea hivi, nikamjibu ni kazi.

Leo nilikwenda. Nilifika kwa Bi Mwanakhamis saa nne, nimekaza moyo. Alinipakulia wali, na sahani ya pili akaiweka palepale anapoiweka siku zote, tupu. Nikala. Sikusema. Nikaaga.

"Kificho," akaniita kwa nyuma. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

Alikuwa anatazama mchanga wa uwani. Nami nikageuka nikatazama. Kutoka visiginoni mwangu palikuwa na michirizi miwili mipana, kama ya vitu viwili vilivyoburutwa, imechimbika, imepita mlangoni mpaka nje.

Mama yangu akachukua ufagio. Akaifuta kuanzia miguuni pangu, akiinama, mpaka langoni, mpaka barabarani. Pale akasimama, ufagio mkononi, anatazama njia ya Pujini. Michirizi ilikuwa bado inaendelea.